Ua Lililotoroka Bustanini

Barabara itokayo Huye kwenda Cyangugu hupanda ndani ya msitu wa Nyungwe, na huko juu kuna kibao kinachomjulisha msafiri kwamba hapo ndipo maji yanapoachana. Tone la mvua likiangukia mashariki ya mgongo ule litaingia Rukarara, lifuate Mwogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, lifike Ziwa Victoria na kuondoka na Nile mpaka Mediterania. Likiangukia magharibi, upande wetu wa wilaya ya Rusizi, litashuka Ziwa Kivu au Mto Rusizi, liingie Tanganyika, litokee Lukuga, likutane na Lualaba, na mwisho wake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2006 kundi la wasafiri kutoka Uingereza na New Zealand lilipanda Nile yote hadi humo msituni, likatangaza kwamba chanzo cha mbali kabisa cha mto huo ni Rukarara. Matone mawili yaliyotengana kwa hatua chache yanaishia pande mbili za bara.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya gugumaji katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kutoka Kisumu, Mwanza au Port Bell, mahali lilipoziba bandari na kuwatia njaa wavuvi. Huko ni mwisho wa njia. Mwanzo wake uko kwenye vilima, na wakazi wa vilima ni sisi.

Asili ya mmea wenyewe ni Brazili, katika maji ya Amazon, na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Carl Friedrich Philipp von Martius, ndiye aliyeuandika vitabuni katika miaka ya 1820. Kwa Kinyarwanda tunauita amarebe. Wakongomani wanaotumia Lingala waliupa jina la Kongo ya sika, yaani Kongo mpya, na jina hilo lina uzito wake, kwa sababu mto waliouzoea ulibadilika sura mbele ya macho yao. Majani yake ni ya mviringo na yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Vikonyo vimevimba na ndani vimejaa hewa kama sifongo, ndiyo maana mmea hauzami. Mizizi inaning'inia majini kama manyoya meusi. Juu ya yote husimama ua la zambarau, na katika petali yake moja kuna doa la njano lililozungukwa na buluu, mfano wa jicho. Ni ua zuri sana, na uzuri huo ndio uliolipa nauli ya kuzunguka dunia.

Watu walilibeba kwa mapenzi. Lilifika Misri mwishoni mwa karne ya 19 kama pambo la madimbwi ya bustani. Marekani nako lilipendwa, kisha likaziba mito ya Louisiana na Florida kiasi kwamba mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka bungeni muswada wa kuagiza viboko kutoka Afrika. Viboko wangelila gugu, na Wamarekani waliokuwa na upungufu wa nyama wangewala viboko. Muswada haukupita. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi binadamu anavyohangaika pindi kiumbe alichokitoa kwao kinapofika mahali ambapo hakuna wa kukila.

Katika Kongo ya Wabelgiji gugumaji lilionekana mtoni mwaka 1952. Kufikia 1955 lilikuwa limeenea kilomita zipatazo 1,600, kutoka Léopoldville hadi Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku kulimiliki na ikanyunyizia dawa mtoni, lakini gugu lilibaki. Katika mwaka huohuo wa 1955 lilikuwa limeshaonekana Tanganyika katika Mto Sigi karibu na Tanga, na 1959 likawa Pangani. Mwishoni mwa muongo huo likafunika sehemu ndefu za Nile Nyeupe nchini Sudan.

Namna lilivyoingia Rwanda inasimuliwa hivi: walowezi wa Kibelgiji walilipanda kupamba makazi yao, nalo likatoroka. Kilicho wazi ni kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeshazoea mito yetu ya upande wa Nile, na Akagera ilikuwa ikilisafirisha usiku na mchana kuelekea Ziwa Victoria. Waganda na Watanzania walilibaini ziwani mwaka 1989, Wakenya mwaka uliofuata. Haki inanitaka niseme pia kwamba Ziwa Kyoga la Uganda, lililo chini ya Victoria kwenye njia ya Nile, lilikuwa limeshavamiwa mwaka 1988, kwa hiyo lawama yote ya mwanzo haiwezi kutwikwa mto wetu. Lakini kwa yale yaliyoendelea baadaye, mwaka baada ya mwaka, mto wetu hauna utetezi. Akagera, ambayo majirani huiita Kagera, huleta karibu theluthi moja ya maji yote ambayo mito humimina Victoria, na juu ya maji hayo visiwa vya kijani vilikuwa vikielea bila kukatika.

Gugu hili halishibi maji matupu. Linataka naitrojeni na fosforasi, navyo vimo kwenye udongo. Nchi ya vilima elfu, inayolima hadi kwenye miteremko mikali, kila msimu wa mvua hupoteza udongo wake, na yeyote aliyesimama kwenye daraja la Nyabarongo mwezi wa Aprili ameuona ukipita na rangi yake ya kahawia nzito. Mkulima wa kilimani anapoomboleza shamba lililochukuliwa na mvua, gugumaji huko bondeni limekaribishwa mezani. Likishiba, linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki moja au mbili. Mmea mmoja huchipua mwingine pembeni, na wa pili huchipua wa tatu, huku wote wameshikana mikono. Mbegu zake huzama matopeni na zinaweza kukaa zaidi ya miaka 15 zikisubiri maji na mwanga.

Mtu aliyelizoea kwenye picha haoni linachowafanyia viumbe wa majini. Kwanza ni giza. Zulia likifunga, mwanga haupiti, na mimea midogo ya majini inayotengeneza hewa na kulisha vifaranga vya samaki hufa. Kisha ni kukosa pumzi: majani ya zamani yanaoza chini ya yale mapya, na kuoza huko hula oksijeni iliyobaki. Sato na ndugu zake, ambao hutaga na kulea watoto katika maji ya kina kifupi kando ya ziwa, hupoteza chumba cha kulelea. Wengine hunufaika. Katika Ghuba ya Winam, Kenya, wavuvi waliona kamongo na kambare wakiongezeka gugu lilipotanda, kwa kuwa samaki hao wanaweza kuvuta hewa ya juu na wanapenda maficho. Yupo pia ndege mwenye vidole virefu kama miiba anayetembea juu ya majani, naye zulia kwake ni uwanja. Lakini furukombe anayemwona samaki kutoka angani haoni kitu. Mdiria anabaki juu ya tete akitazama sakafu ya kijani. Mnandi anayezamia hana pa kuzamia, na akizama hajui atatokea wapi. Konokono wanaobeba kichocho hung'ang'ania mizizi, na mbu hupata madimbwi tulivu kati ya majani. Mama anayeteka maji analazimika kupasua zulia kwa mti kabla ya kutumbukiza ndoo, asijue kama kuna mamba chini yake.

Kwa Rwanda mahali ambapo jambo hili lilistahili kuumiza zaidi ni Hifadhi ya Akagera. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1934, na nusu ya thamani yake ni maji: maziwa ya Ihema, Hago, Mihindi, Rwanyakizinga, pamoja na mafunjo yanayoyaunganisha na mto. Humo wamo viboko na mamba, na humo huishi yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, ndege ambaye watu hutoka mabara mengine kuja kumtafuta. Yeye husimama kimya kwa saa nyingi akivizia samaki kwenye vijia vya maji kati ya mafunjo. Vijia hivyo ndivyo gugumaji huviziba mwanzo.

Kisha ukaja mwaka 1994. Wakati wa Jenosidi dhidi ya Watutsi mto huohuo wa Nyabarongo na Akagera ulibeba miili ya watu hadi Ziwa Victoria, na wanavijiji wa pwani ya Uganda waliiopoa na kuizika kwa heshima. Makaburi yao yapo hadi leo. Baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kuilaumu nchi kwa kutofuatilia majani. Wakimbizi walirudi na ng'ombe wao, ardhi ilihitajika, na mwaka 1997 Hifadhi ya Akagera ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa awali. Watafiti na walinzi waliolijua gugu hili kwa jina walikuwa wamekufa au wametawanyika, nalo liliendelea kukua.

Huko chini, ziwani Victoria, katika miaka hiyohiyo vita dhidi ya gugu vilikuwa vimepamba moto. Uganda ilihangaika kuyasafisha maji yanayoingia kwenye mitambo ya umeme ya Owen Falls kule Jinja. Meli zilishindwa kutia nanga Kisumu. Watu walijaribu mikono, mapanga na uma, wakajaribu mashine kubwa za kuvuna na kusaga. Walijadili dawa za kuua magugu, na wengi wakazikataa kwa sababu ziwa hilo ndilo maji ya kunywa na ndilo samaki wa kuuza Ulaya. Mikono ilisaidia kufungua mialo na gati, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini ng'oa tani kumi leo, na kwa kuwa kila kipande chenye jicho kinaweza kuchipua upya, baada ya mwezi utazikuta palepale.

Walioiweza kazi hiyo ni wadudu wawili wadogo wenye pua ndefu, jamaa wa fukusi wa mahindi, waliotoka Amerika Kusini ambako gugu lenyewe lilitoka. Majina yao ya kisayansi ni Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Mdudu mzima huparua jani na kuliachia makovu mengi madogo. Buu lake hutoboa kikonyo na kushuka ndani kwa ndani hadi kwenye moyo wa mmea. Maji huingia kwenye matundu, bakteria na ukungu hufuata, kile kikonyo kilichojaa hewa hujaa maji, na mmea huzama taratibu. Jambo lililowafanya wanasayansi wathubutu kuwaachia ni kwamba wadudu hawa hawazaliani kwenye mmea mwingine wowote. Walikuwa wamejaribiwa Marekani tangu miaka ya 1970. Uganda iliwaachia Ziwa Kyoga 1993, na Victoria mwishoni mwa 1995. Kenya na Tanzania zilifuata mwaka 1997. Walifugwa kwenye mabeseni na mapipa kando ya ziwa, na wavuvi wenyewe walishiriki kuwalea na kuwapeleka majini. Kati ya yote niliyosoma kuhusu ziwa hili, hilo la mvuvi kufuga mdudu wa kuokoa mtumbwi wake ndilo linalonigusa kuliko yote.

Mwishoni mwa 1998 Ghuba ya Winam peke yake ilikuwa na gugu la hekta zipatazo 17,000. Baada ya muda usiozidi miaka miwili sehemu kubwa ilikuwa imezama. Wanasayansi bado wanagawana sifa hiyo kati ya wadudu na mvua za El Niño za 1997 na 1998, ambazo zilileta mawimbi na mawingu ya muda mrefu. Mimi naona hakuna haja ya kumnyima mmoja sifa ili apewe mwenzake: mmea uliotobolewa ndio unaovunjwa na wimbi. Hata hivyo mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilimwaga udongo mpya ziwani, na gugu likarudi Kisumu kwa nguvu.

Lilirudi kwa sababu chakula chake hakikukatwa, na kwa upande wa magharibi wa ziwa mlango ulikuwa wazi. Mradi mkubwa wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, uliogharamiwa na Benki ya Dunia tangu miaka ya 1990, ulikuwa wa nchi tatu: Kenya, Tanzania na Uganda. Rwanda na Burundi, zilizobeba vyanzo vya mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani, hazikuwamo. Ilikuwa sawa na kufuta maji sebuleni huku bomba la jikoni linabubujika. Mnamo 2000 juhudi zilipanda hadi juu: wadudu walitolewa Uganda wakaletwa kwenye maji ya vyanzo vya Akagera nchini Rwanda. Ilikuwa hatua sahihi iliyochelewa miaka kumi. Tena kazi yao huku ni ngumu zaidi, kwa kuwa baridi ya milimani huchelewesha ukuaji wao, na mto unaokwenda mbio huchukua mmea na mdudu wake kabla hawajazaliana.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na awamu ya pili ya mradi wa ziwa ilizifikia Rwanda na Burundi mwaka 2011. Mamlaka ya mazingira, REMA, ilisukuma kazi hiyo kwenye maziwa ya Bugesera, hasa Cyohoha, ambako wananchi wameingia majini wakavuta amarebe kwa mikono na kuyarundika nchi kavu. Wapo wanaosema gugu liwe mali: lisukwe vikapu, liwe mbolea, litoe gesi ya kupikia. Sina ugomvi na msusi wa vikapu. Nasema tu kwamba kikapu hakijawahi kulimaliza ziwa lolote, na mtu ambaye riziki yake imo ndani ya gugu hana sababu ya kuliombea life.

Kilichonipa matumaini kinapatikana kaskazini, kwenye kinamasi cha Rugezi. Huko mafunjo na matete yalikuwa yamekatwa na mifereji ikachimbwa ili watu walime. Ziwa Burera, linalopokea maji ya kinamasi hicho, likapungua, na mwaka 2004 mitambo ya umeme ya Ntaruka inayolitegemea ikakosa maji, nchi ikaingia gizani. Serikali iliwaondoa wakulima kinamasini, ikafunga mifereji, ikapanda miti na kukata matuta kwenye vilima vinavyokizunguka, na kinamasi kikarudi. Mwaka 2005 kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji ya Rugezi hufuata Burera, Ruhondo na Mukungwa hadi Nyabarongo, kwa hiyo kila kilo ya udongo inayonaswa na mafunjo yake ni kilo ambayo gugumaji la Akagera halitaila. Nchini Rwanda hakuna dawa ya gugumaji iliyowahi kuwa kubwa kuliko hiyo, ingawa ilifanywa kwa ajili ya umeme.

Ndege mmoja mdogo wa kahawia, aliyepewa jina la Rudolf Grauer, huishi tu kwenye vinamasi vya milimani vya ukanda huu, na Rugezi ni makao yake makuu. Makao yake mengine ni kwetu, Kamiranzovu, kinamasi kilichomo ndani ya Nyungwe kwenye mwinuko wa karibu mita 1,950. Maana ya Kamiranzovu ni mmeza tembo. Tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa na majangili mwaka 1999, na fuvu lake limehifadhiwa kwenye kituo cha Uwinka, humo msituni. Kinamasi kipo, jina lipo, mwenye jina hayupo. Wenzetu wa mashariki wanahangaika kuwaokoa viboko wao wakati sisi tuliruhusu tembo wetu aishe, nami siandiki haya kwa wepesi.

Upande wetu gugumaji halijatufanyia lililofanyika Victoria. Kivu ni ziwa la kina kirefu, karibu mita 485, kingo zake nyingi ni za mwinuko mkali, na sehemu kubwa ya rutuba yake imefungwa chini kabisa pamoja na gesi ya methani. Lakini hiyo ni bahati ya umbile la ziwa, haitokani na uangalifu wetu. Mto Rusizi ukitoka Kivu huporomoka mita karibu 700 kabla ya kufika Tanganyika, na kwenye njia hiyo yapo mabwawa ya umeme, Ruzizi I ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II ya 1989, yanayoiwashia taa Rwanda, Kongo na Burundi. Leo mafundi wa bwawa la kwanza wanaopoa chupa na mifuko ya plastiki inayoletwa na mvua kutoka mitaa ya pande zote za ziwa. Chini zaidi ni tambarare ya Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote nchini, yenye joto, mashamba ya mpunga, mifereji na maji ya mbolea yaliyotulia. Mmea huu ungepewa nafasi ya kuchagua makazi Rwanda nzima, ungechagua Bugarama. Na mto ukimaliza safari yake nchini Burundi huingia kwenye delta ya Hifadhi ya Rusizi, yenye viboko na mamba, iliyo katika orodha ya Ramsar tangu 2002. Huko gugumaji limeshafika, na huonekana pia kwenye maji ya ziwa karibu na Bujumbura.

Sheria yetu inataka mita 10 zisizolimwa kando ya mto na mita 50 kando ya ziwa. Mwenye shamba Nyakabuye au Nkungu, ziachie hizo mita nyasi na mianzi, kwa maana udongo unaozama Rusizi haurudi. Nawe mwenye hoteli ama nyumba yenye bwawa la maua pale Kamembe, ukiletewa zawadi ya mmea unaoelea wenye ua la zambarau na jicho la njano, usiupande na usiutupe ziwani. Na kama umeshaingia bwawani kwako, utoe majini mzima pamoja na mizizi yake, uanike juani mbali na mfereji hadi ukauke kabisa, kisha uuchome. Ukiuona kwenye mfereji wa mpunga Bugarama, mpe taarifa afisa kilimo wa sekta siku hiyohiyo, ukiwa bado mmoja.